Akiba ya Betri Huoza

Wazee wetu walituachia neno lisemalo, "Akiba haiozi." Neno hili limelisha watoto wengi. Mihogo mikavu iliyowekwa uchagani, mahindi yaliyokaushwa vizuri yakatiwa ghalani, shilingi zilizowekwa katika chama cha akiba na mikopo, vyote hivyo humngoja mwenyewe mpaka siku ya haja. Lakini siku hizi imeingia mashambani kwetu akiba ya namna nyingine, nayo haimngoji mtu. Hiyo ni betri ya akiba ya droni, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani inayopiga picha kutoka juu. Akiba hii huoza. Huoza hata ikiwa mpya, hata ikiwa haijatumika, hata ikiwa imefungiwa vizuri ndani ya sanduku. Nataka tulizungumze jambo hili leo, maana ni jambo la fedha zenu na la usalama wa nyumba zenu.

Ninasema hasa na ninyi wa Utange, na wenzenu wa skimu za Mtwapa, Gede na Shimba Hills. Utange si shamba tupu kama zamani. Ukiiacha barabara ya Malindi ukaingia ndani kuelekea Mwakirunge, utaona nyumba zimesogeleana na mashamba yamekatwa vipande. Lakini minazi ingalipo, miembe ingalipo, mihogo na mboga bado zinalimwa. Na mahali penye mashamba na vijana wenye simu za kisasa, hapakosi mtu atakayesimama katika mkutano wa kikundi na kusema, "Wazee wangu, tuchange tununue droni."

Mimi sipingi. Lakini kabla hamjachanga shilingi moja, yafaa mjue mnachokinunua.

FAIDA YAKE

Kwanza tuwe wa haki, tutaje faida. Mnazi ni mti mrefu, na ugonjwa wake mwingi huanza juu, mahali macho hayafiki. Mdudu chonga, yule mbawakavu mwenye pembe, hutoboa kilele cha mnazi na kula makuti machanga kabla hayajafunguka. Mwenye shamba aliyeko chini huona dalili wakati makuti yamekwisha kutoka yakiwa yamekatwa kama kwa mkasi. Kumpandisha mkwezi kila mti ili atazame tu ni gharama, na wakwezi siku hizi si wengi. Droni hupanda juu ya kilele kwa dakika moja, ikatazama, ikaleta picha.

Kadhalika, baada ya mvua kubwa za Aprili na Mei, mtu huweza kuona maji yamesimama wapi shambani na udongo umechukuliwa wapi. Huweza kuona sehemu ya mihogo iliyogeuka manjano katikati ya shamba, ambayo kutoka njiani haionekani. Huweza kumpelekea Bwana Shamba picha badala ya maneno matupu.

Hayo ni ya kweli. Wenzetu wa Zanzibar walionyesha kwamba kazi kubwa zaidi pia inawezekana. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ili kuchora ramani. Fikirini, visiwa vizima. Lakini kazi kama ile haifanywi kwa kuruka mara moja. Ndege huruka, hushuka, hubadilishwa betri, huruka tena. Ramani kubwa hujengwa kwa betri ndogo ndogo.

Tena tazameni Rwanda. Tangu mwaka 2016, kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani kutoka kituo chake cha Muhanga. Kila ndege ikirudi, betri iliyotumika hutolewa na nyingine iliyojaa huwekwa. Pale kituoni betri ina mahali pake pa kukaa na kutiwa chaji, wala haitupwi pembeni mpaka kesho.

Basi fahamuni neno hili: ile ndege mnayoipenda ni mwili tu. Betri ndiyo uhai wake. Droni isiyo na betri nzuri ni jembe lisilo na mpini.

KWA NINI BETRI HUOZA

Betri hizi si kama zile za tochi, wala si kama ile ya gari yenye maji ya asidi. Hizi ni za lithiamu. Betri za lithiamu za kutiwa chaji zilianza kuuzwa madukani mwaka 1991, nazo zilitoka Japani. Sifa yake ni kwamba ni nyepesi na hubeba nguvu nyingi. Ndiyo maana ndege ndogo huweza kuruka nayo. Lakini mzigo huo wa nguvu umefungwa mahali padogo, na dawa ya majimaji iliyomo ndani hushika moto.

Betri ikijaa kabisa na kuachwa hivyo kwa majuma mengi, dawa ile hula sehemu za ndani polepole. Joto huharakisha kazi hiyo. Gesi hutokea ndani, na betri huvimba. Kwa upande mwingine, betri ikiisha kabisa na kuachwa tupu kwa miezi, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na siku utakapoitia chaji tena yaweza kupiga shoti kwa ndani. Kwa hiyo shibe humdhuru, na njaa humdhuru. Anachotaka ni nusu ya tumbo.

Sasa jiulizeni, katika nyumba zetu za pwani tuna desturi gani? Tuna desturi ya kujaza. Simu hujazwa usiku kucha. Taa ya sola hujazwa. Na betri za droni hujazwa pomoni zote, zikawekwa ndani ya sanduku la bati chini ya paa la mabati, katika joto la kaskazi, toka Desemba mpaka Machi, wakati hewa ya nje tu hufika nyuzi 32 au 33 na ndani ya sanduku lile huzidi sana.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hili. Nilikuwa na betri tatu za namna ya zamani kidogo. Nilizijaza mwezi wa Desemba nikidhani nitazitumia juma lile, kisha nikapata safari. Niliporudi mwezi wa Machi na kufungua sanduku, ya kwanza ilikuwa imevimba kama andazi. Ya pili ilionyesha kwamba imejaa, lakini baada ya dakika saba angani ililia kwamba imekwisha, na ndege ikashuka katika mihogo ya jirani. Ya tatu ndiyo iliyosalia nzima. Sikuwa nimezitumia hata kidogo. Kosa lilikuwa langu, si la fundi wala la muuzaji. Niliamini kwamba akiba haiozi.

Kijana mmoja ataniambia, "Mzee, hizo zilikuwa za zamani. Betri za siku hizi zina akili. Zikikaa siku kadha hujipunguza zenyewe." Ni kweli, mwanangu. Nyingi za sasa hufanya hivyo, na ni jambo jema. Lakini akili hiyo haiwezi kuitoa betri katika sanduku la moto na kuiweka kivulini. Haiwezi kumwambia mweka hazina kwamba betri imefika miaka mitatu. Na ikikaa muda mrefu mno ikaisha yenyewe, akili yake nayo huzimika pamoja nayo.

TATU ZATOSHA

Sasa nije kwenye maoni yangu. Katika vikundi nimesikia rai mbili. Wa kwanza husema, "Tununue betri moja, ile iliyokuja na ndege, fedha ni kidogo." Wa pili husema, "Tununue sita kwa jumla, bei itapungua, tutakuwa na akiba ya miaka." Wote wawili wanakosea.

Tumtazame wa kwanza. Juu ya sanduku la droni ndogo huandikwa kwamba huruka dakika 30 au zaidi. Kipimo hicho hufanywa pasipo upepo. Kwetu, hasa wakati wa kusi, ndege hupigana na upepo, na kurudi huweza kuwa kuzito kuliko kwenda. Tena haifai kuimaliza betri angani. Mwenye busara hushuka ikiwa imebaki asilimia 30 hivi. Kwa hiyo hesabuni dakika 20 za kazi. Baada ya hapo, mwenye betri moja hukaa chini ya mwembe akingoja ipoe, kisha aitie chaji kwa saa moja au zaidi. Wanakikundi wamekuja kutoka mbali, na wawili tu ndio walioonyeshwa mashamba yao. Wengine wanarudi nyumbani wakinung'unika. Manung'uniko hayo ndiyo huvunja vikundi.

Na yule wa pili? Ananunua sita, lakini kazi ya kikundi ni ya betri tatu. Zile tatu nyingine hulala. Zinazeeka pamoja na zile zinazofanya kazi, ingawa hazikufanya kazi yoyote. Baada ya miaka miwili au mitatu zote sita zimechoka, na fedha ya zile tatu imekwenda bure. Bei ya jumla si nafuu kama nusu ya mzigo inaozea kabatini.

Tatu zatosha. Moja iwe angani, moja iwe tayari, moja iwe inapoa au inatiwa chaji. Kwa tatu mnapata saa nzima ya kazi katika asubuhi moja, na kila betri inafanya kazi walau mara moja kwa mwezi. Betri za namna hii, zikitunzwa, hufanya kazi nzuri kwa kujazwa mara 200 au 300 hivi. Kikundi kinachoruka mara moja au mbili kwa mwezi hakitafika hesabu hiyo. Umri ndio utakaoziua kwanza, wala si kazi. Basi msiogope kuzitumia.

Nanyi mnaohitaji picha mara moja au mbili tu kwa mwaka, nawaambieni wazi: msinunue. Kodisheni mtu mwenye leseni, aje na ndege yake na betri zake, mmlipe aende zake. Betri na zioze kwake.

JINSI YA KUZITUNZA

Kwa wale watakaonunua, haya ndiyo mambo ya kushika.

Jambo la kwanza, zipeni nambari. Chukueni rangi, mwandike 1, 2 na 3, pamoja na mwezi na mwaka wa kununua. Zitumieni kwa zamu. Msiwe na betri ya kupendwa na betri ya kutupwa.

Jambo la pili, zilale nusu. Betri nyingi zina taa nne ndogo za kuonyesha kiasi. Taa mbili ni nusu. Kama hamtaruka katika siku chache zijazo, kila betri ilale na taa mbili. Mkitaka kwenda shambani kesho, zijazeni leo asubuhi au kesho alfajiri, si juma zima kabla. Na msipokwenda kwa sababu ya mvua, rusheni ndege kidogo uani ili mzipunguze tena.

Jambo la tatu, ipumzike. Betri iliyotoka angani ni kama mkwezi aliyeshuka mnazini. Ina joto na imechoka. Usimpandishe mnazi mwingine papo hapo. Iacheni kivulini mpaka ipoe ukiishika, ndipo muitie chaji. Watengenezaji wengi hukataza kutia chaji katika joto linalozidi nyuzi 40. Saa nane mchana chini ya mabati, mwezi wa Februari, joto hilo si mbali. Kwa hiyo kazi hii ni ya asubuhi.

Jambo la nne, isiachwe garini. Matatu au gari lililoegeshwa juani huwa tanuri. Betri juu ya dashibodi kwa saa mbili huweza kupata madhara makubwa.

Jambo la tano, chumvi na unyevu. Sisi tunaishi karibu na bahari na karibu na hori la Mtwapa, na hewa yetu hula vyuma. Futeni vile vibati vya shaba vya betri kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi. Wekeni betri ndani ya chombo kikavu. Msiiweke kando ya mtungi wa maji kwa kutafuta ubaridi, wala msiitie ndani ya jokofu. Kivuli na hewa vyatosha.

Jambo la sita, iliyovimba isiguswe tena na chaja. Hata ikiwa bado inawaka. Hata ikiwa ilinunuliwa mwaka jana. Hata ikiwa mkutano wote unangoja. Haijulikani itafanya nini, na ndege ikianguka juu ya mtu au juu ya paa la jirani, fedha ya betri mpya itaonekana ndogo.

NYUMBA YA MAKUTI

Hapa nataka mnisikilize vizuri zaidi, maana jambo hili si la hasara ya fedha tu.

Betri ya lithiamu ikishika moto haiwaki kama kijiti cha kiberiti. Hufoka kama fataki, hutoa moshi wenye sumu, na hutupa cheche. Sasa itieni betri hiyo ndani ya nyumba ya makuti, iko uvunguni mwa kitanda, inatiwa chaji usiku, na watoto wamelala juu yake. Makuti makavu hayangoji mtu achote maji. Nani atakayetoka?

Kwa hiyo nasema, betri za kikundi zisilale katika nyumba ya makuti, wala zisitiwe chaji humo. Zilale katika nyumba ya mawe au ya mabati yenye sakafu ya saruji, mbali na godoro, mafuta ya taa na magunia. Hifadhi nzuri ni chungu kikubwa cha udongo chenye mchanga mkavu chini, na kifuniko kisichobana, maana gesi ikitokea haina budi kupata njia. Chungu hiki hakina gharama kubwa, na mama zetu wanajua kinapopatikana.

Wakati wa kutia chaji, iwe mchana, juu ya saruji, na mtu mzima awe macho na karibu. Zikijaa, chaja itolewe katika soketi. Tumieni chaja ya betri ile ile, si ya jirani kwa kuwa tundu linafanana.

Na ikitokea bahati mbaya, kwanza watoeni watu. Fedha za kikundi zitachangwa tena, lakini mtoto hachangwi. Kama chaja iko katika umeme, zimeni swichi kuu mkiweza kuifikia salama. Msiivute moshi ule. Mchanga huzuia cheche zisiruke, na maji mengi huipoza betri, lakini msidhani imekufa mara tu moto unapopotea, maana huweza kuwaka tena. Iacheni nje, mbali na nyumba, na watoto wasiikaribie.

Betri iliyokufa nayo ina adabu zake. Isitupwe chooni, isichomwe pamoja na takataka, isizikwe shambani, na asipewe mtoto aichezee. Zibeni vile vibati vyake kwa utepe wa kunata, iwekeni katika mchanga, kisha ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za umeme wenye leseni ya NEMA. Shamba linalolisha watu si mahali pa kuzika sumu.

MALI BILA DAFTARI

Katika vikundi vingi, chombo cha wote ni chombo kisicho na mwenyewe. Kijana aliyeruka jana alizirudisha tupu. Mweka hazina akazifungia kama alivyopewa. Baada ya miezi miwili kila mmoja anamnyoshea mwenziwe kidole. Mnajua wahenga walivyosema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Chagueni mtu mmoja awe mtunza betri. Si lazima awe yule anayerusha ndege. Mara nyingi ni afadhali asiwe yeye, maana mwenye kupenda kuruka hapendi kuandika. Mama mwenye nyumba ya mawe na mkono wa uangalifu atafanya kazi hii kuliko kijana mwenye haraka. Mpeni daftari la kawaida la shule. Katika kila mstari aandike tarehe, nambari ya betri, imeruka dakika ngapi, na imelala na taa ngapi. Mstari mmoja tu kwa kila betri.

Daftari hilo litawaonya mapema. Betri iliyokuwa ikiruka dakika 22 mwaka jana na sasa inaruka 15 inawaambia kwamba siku zake zimekaribia. Mtapata nafasi ya kujitayarisha kabla haijawaangusha mbele ya watu.

Na kujitayarisha maana yake ni fedha. Fedha ya betri ijayo ianze kuwekwa siku ile ile ndege inaponunuliwa. Tufanye mfano. Kikundi kina watu 20. Kila mtu atoe shilingi 50 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 1,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 12,000. Kaulizeni bei ya betri ya ndege yenu dukani, mlinganishe, kisha mpunguze au mwongeze. Fedha hizo, ndugu zangu, haziozi. Hapo ndipo lile neno la wazee linapokaa mahali pake: wekeni akiba ya shilingi, msiweke akiba ya betri.

Kabla ya kununua ndege yenyewe, ulizeni swali moja ambalo wengi hawaulizi: betri za ndege hii bado zinatengenezwa? Ndege ya zamani huuzwa bei ya chini, au ndugu huitoa kama zawadi, lakini kama betri zake hazipatikani tena, mmepewa pambo la ukutani. Tena jihadharini na betri zisizojulikana zilikotoka. Baadhi ya ndege huzikataa, na zile zinazokubaliwa hazina dhamana ya mtu.

Walio na ndugu Maskati au Dubai hupenda kuagiza kutoka huko. Waambieni kwamba betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mizigo inayoshushwa chini ya ndege. Hubebwa mkononi, vibati vikiwa vimefunikwa. Zile ndogo za droni za picha nyingi ziko chini sana ya kipimo cha wati-saa 100, lakini kila shirika la ndege lina masharti yake, na kuuliza si ujinga.

SHERIA NA JIRANI

Mwisho, betri iliyojaa isiwafanye msahau sheria. Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani tangu mwaka 2020, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Droni haina budi kusajiliwa, na ruhusa hutakiwa hata kabla ya kuiingiza nchini. Haipandi zaidi ya futi 400 kutoka ardhini. Haikaribii watu na nyumba zisizohusika kwa chini ya mita 50. Na sisi wa Mombasa tuna uwanja mkubwa wa ndege upande wa Changamwe, kwa hiyo ulizeni kwanza mahali mnapotaka kurushia.

Zile mita 50, katika Utange ya leo, si jambo dogo. Pengine kati ya shamba lako na ua wa jirani hazipo. Basi nenda kwa jirani ukabishe hodi, umweleze unachotaka kupiga picha na saa utakayoruka. Wanawake wako uani, wazee wamepumzika. Ndege inayotokea juu ya paa bila salamu haijengi ujirani mwema, na shamba lisilo na jirani mwema lina ulinzi dhaifu.

Ndugu wakulima, sikuandika haya ili kuwatisha. Chombo hiki ni kizuri mikononi mwa kikundi chenye nidhamu. Lakini kikundi kisichoweza kuandika mistari mitatu katika daftari, kisichoweza kutenga shilingi 50 kwa mwezi, na kisicho na nyumba salama ya kuweka betri tatu, nakishauri kisinunue droni mwaka huu. Fedha hiyo inunue miche ya minazi, ambayo KALRO pale Mtwapa wanaweza kuwashauri juu yake. Mche ukipandwa vizuri huongezeka thamani kila mwaka hata mwenyewe akiwa amelala.

Nanyi mlio na droni tayari, kazi yenu ni ya leo jioni. Fungueni sanduku. Bonyezeni kila betri, mhesabu taa. Zenye taa nne zipunguzeni. Zisizo na taa zitieni chaji kesho asubuhi mkiwa macho, na ile itakayokataa iwekeni kando. Iliyovimba itoeni nje ya nyumba kabla giza halijaingia.